Mwongozo kamili: Jinsi ya kuiona Roma kwa siku tatu bila kuishia mlangoni

Maswali kuhusu Roma yananifikia mwaka mzima, na karibu yote yana kilio kimoja. Mtu ametoka Dar es Salaam, Nairobi au Goma, amehangaika na viza, amelipa nauli, amefika salama, kisha anaambiwa mlangoni kwamba tiketi za leo zimekwisha. Wengine wamekwenda Vatikani Jumapili wakakuta makumbusho yamefungwa. Wengine wamesimama foleni ndefu kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro wakiamini inaingia Kikanisa cha Sistina, kile chenye dari la Michelangelo, kumbe mlango wa Sistina uko upande mwingine kabisa wa ukuta.

Tatizo ni mpangilio. Roma ina milango mitatu inayotaka siku yako na saa yako kabla hujapanda ndege: Makumbusho ya Vatikani, Colosseum (uwanja wa kale wa mapigano) na Galleria Borghese (jumba la sanamu na picha). Mengine mengi, na kwangu mimi ndiyo yenye kukaa zaidi moyoni, yako wazi kwa kila mpita njia, bure au kwa euro chache. Kazi yako ni kukamata nafasi kwenye milango hiyo mitatu kwanza, halafu kuyapanga mengine kuizunguka kwa miguu.

Kanuni ya kubeba tangu sasa: kisicho na tiketi kiendee alfajiri, chenye tiketi kinaweza kukungoja. Utaona inavyofanya kazi tukienda mbele.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti yenye viza ya Schengen, ndiyo inayotumika kuingia Italia. Tiketi za Colosseum hutolewa kwa jina, na mlangoni unaweza kuombwa kitambulisho. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama watu wote wanakuita kwa jina jingine. Ombi la viza linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Anza mapema uwezavyo, maana kupata miadi ndiko kunakokula muda.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi. Piga simu benki kabla ya siku ya kukata tiketi. Kadi ikikataliwa wakati nafasi zinagombaniwa, mwenzako anaichukua.
- Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Barabara za katikati ya Roma zimetandazwa vijiwe vyeusi vya mraba vilivyopishana kimo. Viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla ya saa sita mchana.
- Kanga, kitenge au mtandio. Makanisani mabega na magoti hufunikwa, wanaume kwa wanawake. Kanga moja begani inamaliza suala hilo, na wakati wa joto ni nyepesi kuliko koti.
- Chupa ya maji isiyo ya kioo. Mji mzima una mabomba ya maji baridi ya kunywa, bure. Chupa za kioo zinazuiwa Colosseum.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu mipana haziingii kwenye soketi za Italia.
- Sarafu za euro 1 na senti 50. Utaziona faida zake katika hatua ya 5.
- Mkoba mdogo wa kuvaa kifuani, na simu yenye intaneti na pawabenki.

Jambo la saa: hapa nimeandika saa za Kiswahili. Tiketi yako itaandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Hakikisha mara mbili, kwa sababu aliyechelewa muda wake hana cha kudai.

## Hatua ya 1: Tazama kwanza kipi kimefungwa lini

Usianze na orodha ya unavyotaka kuviona. Anza na kalenda.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure na mwisho wa kupokea watu ni saa sita na nusu mchana. Bure hiyo ina bei yake: foleni huzunguka ukuta, na ndani watu hubanana kiasi kwamba huwezi kusimama mbele ya chochote. Kama unaweza kulipa, ikimbie. Makumbusho hufungwa pia katika sikukuu kadhaa za Kanisa, kwa mfano tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, ambao ni walinzi wa mji.

Jumatano asubuhi Papa, akiwa Roma, hukutana na mahujaji kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, na kuingia basilika, kanisa kubwa la hapo, huwa kugumu mpaka mkutano uishe. Kama shabaha yako ni kumwona Baba Mtakatifu, hiyo ndiyo siku yako. Tiketi yake ni bure, usimlipe mtu. Kama shabaha yako ni kuliona kanisa, nenda siku nyingine.

Galleria Borghese hufungwa Jumatatu. Colosseum hufungwa tarehe 25 Desemba na 1 Januari. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum ni bure, ila huwezi kuweka nafasi, na foleni yake si ya mtu mwenye siku tatu.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kufika Jumatano mchana, kisha Colosseum Alhamisi, Vatikani Ijumaa na Borghese Jumamosi.

*Umefanikiwa ikiwa* una karatasi yenye siku tatu, na kila siku ina mlango mmoja tu wa tiketi. Ukiona miwili siku moja, hamisha mmoja. Ukichelewa wa kwanza, wa pili nao unakuponyoka.

## Hatua ya 2: Kata tiketi, kwa utaratibu huu

Vatikani kwanza, kwa sababu nafasi zake hufunguliwa mapema, takriban siku 60 kabla. Tovuti rasmi ni ya Makumbusho yenyewe, na anwani yake huishia na *.va*, herufi za nchi ya Vatikani. Anwani isiyoishia hivyo ni ya mchuuzi, hata ikiwa na picha ya Papa. Bei ya kawaida ni euro 20, pamoja na euro 5 za kuweka nafasi mtandaoni. Chagua saa tano asubuhi au baadaye. Sababu iko hatua ya 7.

Kisha Borghese. Hapa kuweka nafasi ni lazima kwa kila mtu, hata mtoto asiyelipa. Watu huingizwa kwa mafungu ya saa mbili mbili, muda ukiisha mnatolewa wote. Kwa kuwa idadi ya kila fungu ni ndogo, wikendi hujaa haraka.

Mwisho Colosseum, ambayo hufungua mauzo takriban siku 30 kabla, kwenye *ticketing.colosseo.it*. Weka kengele kwenye simu. Tiketi ya kawaida ni euro 18 na inakuingiza pia Jukwaa la Kirumi (Foro Romano, magofu ya kitovu cha mji wa kale) na kilima cha Palatino ndani ya saa 24. Zipo tiketi za kushuka vyumba vya chini, walikofungiwa wanyama na wapiganaji. Ni nzuri sana, lakini kwa safari ya kwanza ile ya kawaida inatosha.

Walio chini ya miaka 18 hawalipi Colosseum, ila nao wanahitaji tiketi yao yenye jina. Familia nyingi hukwama hapo: baba na mama wana tiketi, watoto hawana, na mlango haufunguki.

Tahadhari: nje ya Colosseum na kando ya ukuta wa Vatikani kuna walanguzi na wapiga debe wenye vitambulisho shingoni. Watakuambia foleni ni ya saa nne, au kwamba lango rasmi limefungwa leo. Ukiwa na tiketi mkononi hawana la kukuambia. Pita.

*Umefanikiwa ikiwa* una faili tatu zenye msimbo wa QR, umezipiga picha na kuzihifadhi kwenye simu ili zifunguke hata bila intaneti, na mwenzako wa safari anazo pia.

## Hatua ya 3: Lala mahali ambapo miguu inafika

Bei ya chini nje ya mji huvutia, lakini kila asubuhi utalipa kwa muda, na ile kanuni ya alfajiri itakushinda. Tafuta chumba kati ya kituo cha Termini, Monti na Piazza Navona, au Prati karibu na Vatikani. Eneo la Termini ni la bei nafuu, na treni zote mbili kuu za chini ya ardhi, A na B, hukutana pale. Usiku mitaa inayokizunguka kituo si ya kutembea na mkoba wazi.

Hoteli itakudai kodi ya mji kwa kila usiku, nje ya ulichokwisha kulipa mtandaoni. Ni halali, si wizi.

## Hatua ya 4: Toka uwanja wa ndege

Ndege nyingi za kutoka kwetu, kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, hutua Fiumicino. Una njia tatu za kuingia mjini. Treni ya Leonardo Express huenda moja kwa moja Termini kwa dakika 32, euro 14. Treni ya FL1 ni euro 8, lakini haifiki Termini. Inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Teksi nyeupe za mji zina bei moja iliyopangwa na manispaa kwa safari ya ndani ya kuta za kale. Mkiwa watu wanne, teksi inaweza kuwa nafuu kuliko treni.

Usimfuate anayekufuata. Anayekuuliza “teksi?” ukumbini hana bei iliyopangwa. Foleni ya teksi halali iko nje, inaonekana.

Tiketi ya karatasi ya treni au basi hugongwa muhuri kwenye mashine kabla ya kusafiri. Isipogongwa, kwa mkaguzi ni sawa na kutokuwa nayo, na faini yake inauma. Kwa mabasi na treni za mjini, safari ni euro 1.50 kwa dakika 100, na unaweza kugusisha kadi ya benki moja kwa moja. Kila mtu na kadi yake.

## Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, katikati ya mji kwa miguu

Ukiwa umetua siku hiyo, usijitese na makumbusho. Weka mizigo, oga, kisha nenda Pantheon, hekalu la kale lenye kuba kubwa. Tiketi ni ya euro chache na huhitaji kuihangaikia wiki kabla.

Ingia mpaka katikati, chini ya tundu lililo juu ya kuba, usimame. Tundu hilo lina upana wa karibu mita 9 na halina kioo. Mvua ikinyesha inaingia ndani, na ukitazama sakafu utaona vitundu vidogo vya kupitisha maji, na sakafu yenyewe ikiinama kidogo kuyaelekea. Kutoka sakafuni hadi tunduni ni mita 43.3, na upana wa kuba ni huo huo mita 43.3. Lilikamilishwa wakati wa Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126, kwa zege isiyo na nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la zege isiyo na nondo linalolizidi ukubwa. Limesimama kwa sababu mafundi walichanganya mawe mazito kwenye zege ya chini, na kadiri walivyopanda wakatumia mepesi, hadi mawe ya volkano yenye matundu kule juu. Likawa kanisa mwaka 609, na hilo ndilo lililoliokoa lisibomolewe. Mchoraji Raphael amezikwa humo.

Dakika chache kwa miguu iko San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa. Kuingia ni bure. Nenda kikanisa cha mwisho upande wa kushoto. Kuna picha tatu za mchoraji Caravaggio zilizo gizani, na kisanduku cha sarafu. Tumbukiza na taa itawaka. Hapo ndipo sarafu zako zinapofanya kazi.

Tazama ile ya kushoto, wito wa Mathayo. Kristo amesimama kulia, nusu gizani, amenyoosha mkono. Mwanga unapita juu ya mkono huo na kuwapiga usoni watu waliozunguka meza. Wengine wameinua macho. Kijana wa mwisho kabisa hajainua. Bado anahesabu fedha, kidole juu ya sarafu. Taa ikizimika tumbukiza nyingine, au ngoja mwingine atumbukize. Makanisa mengi hufungwa mchana kwa saa mbili au tatu, hivyo hili lifikie asubuhi au alasiri.

Ukitoka hapo, Piazza Navona iko mbele yako. Uwanja ni mrefu na mwembamba kwa sababu umekaa juu ya uwanja wa michezo wa Kaisari Domitian. Katikati kuna chemchemi ya Mito Minne ya mchongaji Bernini, ya mwaka 1651: Ganges, Danube, Río de la Plata na Nile.

Izunguke polepole mpaka umwone mzee wa Nile. Amefunikwa kichwa kwa kitambaa cha jiwe, mkono wake ukikivuta, kwa sababu Roma ya wakati huo haikujua mto huo unaanzia wapi. Wakati fundi akichonga kitambaa hicho, Wasoga na Waganda walikuwa wakivua samaki pale pale maji yanapotoka ziwani. Mtu wa Jinja, Mwanza au Kisumu akisimama mbele ya sanamu hii anajua kilichofichwa chini ya kitambaa. Mwambie na mtoto uliyefuatana naye.

Malizia na chemchemi ya Trevi, lakini si jioni hiyo kama unaweza kungoja. Jioni umati unafunika hata maji, na manispaa sasa inadhibiti idadi ya wanaoshuka hadi ukingoni. Rudi kesho yake kabla ya saa moja asubuhi. Haina tiketi alfajiri, na utaisikia kabla ya kuiona. Sarafu zinazotupwa humo hukusanywa na kupelekwa Caritas, shirika la misaada la Kanisa, kusaidia maskini. Kuingiza mguu majini ni faini. Kukaa kwenye ngazi za Piazza di Spagna nako ni faini, kuanzia euro 250, na wageni wengi hawajui mpaka wameandikiwa.

## Hatua ya 6: Colosseum na Jukwaa la Kirumi

Fika nusu saa kabla ya muda wako, kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo. Usije na begi kubwa. Hakuna pa kulihifadhi.

Uwanja huu ulianzishwa na Kaisari Vespasian, ukafunguliwa na mwanawe Titus mwaka 80. Panda ghorofa ya juu kwanza, kabla makundi hayajapanda, utazame chini. Sakafu imeondoka, hivyo unaona njia za chini ya ardhi zilivyopangwa kama vyumba vya nyuma ya jukwaa. Humo wanyama waliletwa kutoka Afrika Kaskazini na kwingineko, wakapandishwa juu kwa lifti za kamba na nguvu za watumwa. Hapa sipendi kukimbiza mtu. Watu na wanyama wengi walikufa mahali hapa ili wengine wafurahi, na ukikaa kimya kidogo ghorofa ya juu unaiona hesabu hiyo katika ukubwa wa jengo.

Ukitoka, usiende kula. Ingia Jukwaa la Kirumi kwa tiketi ile ile. Wengi huliruka kwa kudhani ni magofu tu, wakati humo ndimo dola ilimoendeshwa. Pitia chini ya tao la Titus, tazama juu ya ukuta wa ndani: askari wamebeba kinara cha matawi saba walichokiteka kwenye hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Kisha fuata njia ya mawe mpaka mwisho. Kivuli ni kidogo, jaza chupa.

Jioni panda Campidoglio, uwanja uliobuniwa na Michelangelo, upite nyuma ya jengo la katikati. Jukwaa lote liko chini yako, bure, jua likizama. Mwenye nguvu iliyobaki aendelee hadi kilima cha Aventino, kwenye lango la Mashujaa wa Malta, achungulie tundu la ufunguo: kuba la Mtakatifu Petro limekaa katikati ya njia ya miti iliyokatwa ikanyooka. Ukishuka kuelekea Circo Massimo utapita makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na uwanja mbele yake ndipo uliposimikwa mnara wa Axum ulioporwa Ethiopia wakati wa Mussolini. Ulirudishwa kwao mwaka 2005.

*Umefanikiwa ikiwa* umelitembea Jukwaa kutoka tao la Titus hadi upande wa Campidoglio, na tiketi yako bado ina saa za ziada.

## Hatua ya 7: Vatikani, kwa mpangilio usio wa kawaida

Karibu kila mtu huanza na makumbusho saa mbili asubuhi, akatoka amechoka, kisha anakuta foleni ya basilika imezunguka uwanja mzima juani. Geuza.

Saa moja asubuhi: basilika. Haina tiketi, ni bure, na inafunguliwa saa hiyo. Foleni ya ukaguzi ni fupi mno kwa wakati huo. Ukiingia tu, kulia, nyuma ya kioo, iko *Pietà* ya Michelangelo, Mama na mwanawe aliyekufa, aliyoichonga akiwa na miaka ishirini na kitu. Kioo kiliwekwa baada ya mtu kuivamia kwa nyundo mwaka 1972. Ukiiona saa moja na robo asubuhi uko peke yako nayo. Saa nne utaiona juu ya simu za watu.

Kisha kuba. Ngazi ni 551, au 320 ukipanda lifti sehemu ya kwanza. Lipa lifti. Sehemu ya mwisho ni nyembamba na ukuta umelala ubavuni, kwa hiyo mwenye tatizo la moyo, goti au hofu ya mahali finyu abaki chini. Hakuna pa kugeukia katikati.

Uwanjani tafuta duara la jiwe lililowekwa sakafuni kati ya mnara wa Misri na chemchemi. Ukisimama juu yake, safu nne za nguzo za Bernini zinajipanga nyuma ya moja, zinaonekana safu moja tu. Piga hatua mbili pembeni, msitu wote unafunguka.

Saa nne: kifungua kinywa, mitaa miwili mbali na uwanja.

Saa tano: makumbusho. Tembea ukifuata ukuta hadi Viale Vaticano. Tenga dakika 20. Wenye tiketi wana foleni yao. Ndani, njia ni ndefu na karibu yote huelekea Sistina, hivyo umati unakusukuma. Usikubali kusukumwa. Simama mbele ya Laocoön, baba na wanawe wawili waliobanwa na nyoka, sanamu iliyofukuliwa mwaka 1506. Pita ukumbi wa ramani ukitazama juu, na vyumba vya Raphael ukitazama pande zote.

Kikanisa cha Sistina unaingilia upande wa madhabahu, ukiwa umeipa mgongo ile Hukumu ya Mwisho. Usisimame mlangoni. Nenda mpaka mwisho wa ukumbi, kisha geuka. Kando ya kuta kuna mabenchi. Ngoja mtu ainuke, ukae. Huwezi kuutazama ufundi ule ukiwa umesimama umekunja shingo katikati ya watu.

Michelangelo aliupaka rangi dari kati ya 1508 na 1512, akianzia upande ulioko wewe sasa, kwa Nuhu. Tazama picha za Nuhu: watu wengi, wadogo, wamesongamana. Alipoziona kutoka chini akajua hazisomeki, na kadiri alivyoelekea madhabahuni akapunguza watu na kuwakuza, mpaka kwa Adamu ambapo ni vidole viwili tu na nafasi kati yake. Ukiwa kwenye benchi unaweza kuona fundi akijifunza kazi yake mwenyewe, hatua kwa hatua.

Picha haziruhusiwi, na ukimya unadaiwa. Kwenye kona kuna mlango unaotokea basilika ambao mara nyingi huachiwa makundi yenye kiongozi. Usiutegemee, na kwa mpangilio huu huuhitaji.

*Umefanikiwa ikiwa* umekaa kwenye benchi la Sistina muda wa kutosha kuona tofauti ya Nuhu na Adamu.

## Hatua ya 8: Borghese, au tiketi zikikosekana

Saa mbili zinatosha ukianza chini, kwa sanamu za Bernini. Zunguka *Proserpina* mpaka uone vidole vya Pluto, mungu anayemteka, vilivyozama pajani mwake. Ni marumaru, lakini nyama imebonyea. Kisha *Apollo na Daphne*: vidole vya binti vinageuka majani membamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Tiketi zimekwisha? Usinunue kwa mlanguzi. Nenda Palazzo Massimo, makumbusho yaliyo karibu na Termini, ambako mara nyingi huingia bila kungoja. Kuna bondia wa shaba aliyekaa, masikio yamevimba, majeraha usoni yametiwa shaba nyekundu kama damu, na kuna chumba cha bustani iliyochorwa ukutani kwa ajili ya nyumba ya Livia, mke wa Augustus. Musa wa Michelangelo yuko San Pietro in Vincoli, bure, dakika 10 kutoka Colosseum.

## Kula, kusali na kulinda mfuko

Kahawa hunywewa umesimama kaunta. Ukikaa mezani uwanjani bei hupanda mno. Mgahawa wenye picha za chakula na mtu wa kukuvuta mlangoni, upite. Neno *coperto* kwenye bili ni malipo ya kukaa mezani. Ukitamani ndizi za kupika, mihogo au nyama halali, soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio linavyo.

Msikiti Mkuu wa Roma, kazi ya msanifu Paolo Portoghesi uliofunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini mwa mji na ni miongoni mwa mikubwa ya Ulaya. Kwa Wakatoliki kutoka Uganda na jirani zake, ipo parokia iliyopewa jina la Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu hapa Roma na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964.

Vibaka hupenda basi namba 64 na treni ya A kati ya Termini na Ottaviano. Mkoba kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma. Anayekufunga bangili mkononi akikuita “ndugu” atadai pesa; ficha mkono na uendelee kutembea.

## Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Acha mizigo kwenye stoo ya kulipia Termini, kisha tembea dakika 10 hadi Santa Maria Maggiore. Kuingia ni bure. Dari lake la dhahabu ni la kuangalia, na upande wa kushoto liko kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa humo Aprili 2025: jiwe la rangi hafifu, neno moja *Franciscus*, na msalaba juu yake. Foleni husonga haraka asubuhi.

Rudi Termini, chukua mizigo, panda Leonardo Express saa nne kabla ya ndege. Ukiwa na bidhaa za kudai kurudishiwa kodi, ongeza saa moja, kwa kuwa karatasi hugongwa muhuri uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi.